Taa ya Kila Pembe: Kuchagua Mwanga wa Nyumba Kibera na Kawangware

Jijini Nairobi jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo jioni, karibu mwaka mzima, kwa kuwa mji uko jirani na ikweta. Katika nyumba nyingi za Kibera, hata hivyo, giza haliingoji saa hiyo. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kuta za udongo au mabati, mlango mmoja na pengine dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani, huhitaji taa hata saa nane mchana. Kawangware nako vyumba vya ploti za zamani vimepangwa kwa safu zinazotazamana uani, na kwa kuwa gorofa zimeinuka pande zote, chumba cha chini kinaweza kukaa wiki nzima bila kuona miale ya jua.

Ndani ya chumba hicho kimoja familia hupika, hula, huosha mtoto, hupokea wageni, husoma na hulala. Kazi zote hizo kwa kawaida huachiwa balbu moja inayoning'inia katikati. Mwanga ukionekana hafifu, mwenye nyumba au mpangaji hununua balbu ya wati nyingi zaidi, kisha mtoto bado anainamia daftari hadi pua inakaribia karatasi. Mara nyingi tatizo si udogo wa balbu. Balbu iko mbali na kazi, au iko nyuma ya anayeifanya kazi hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza si balbu ipi ina nguvu. Swali ni kazi gani hufanyika pembe ipi, na kwa saa ngapi.

Mwanga wa mchana usiolipiwa

Kabla ya kununua chochote, inafaa kuangalia mwanga wa bure unapotelea wapi. Ukuta wa udongo usiopakwa rangi na mabati yenye masizi humeza mwanga mwingi unaoyafikia. Ukuta mweupe huurudisha chumbani. Ndiyo maana nyumba nyingi za Kibera zilizofunikwa ndani kwa vitambaa vyeupe au karatasi nyeupe huonekana na mwanga kuliko ya jirani, ingawa balbu ni ileile. Anayepaka rangi na aanze na dari na sehemu ya juu ya kuta, kwa sababu huko ndiko mwanga wa balbu na wa dirisha hugonga kwanza. Chokaa inatosha.

Njia ya pili ni kuondoa sehemu ya bati moja juu ya paa na kuweka karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyokunjwa mawimbi kama bati. Njia ya tatu ni chupa. Mwaka 2002 fundi wa mitambo wa Brazil, Alfredo Moser, aligundua kwamba chupa ya plastiki ya lita 2 iliyojazwa maji safi na vifuniko viwili vya dawa ya kung'arisha nguo, ikipenyezwa kwenye tundu la paa, hutawanya mwanga wa jua chumbani kama balbu ya zamani ya wati 40 hadi 60. Dawa hiyo huzuia maji yasiote ukijani. Baadaye mbinu hiyo ilienea Ufilipino na kufika nchi kadhaa za Afrika. Haina waya wala gharama ya kila mwezi. Usiku haisaidii kitu, na isipozibwa vizuri kwa gundi ya paa, mvua za Aprili zitapita palepale. Mpangaji asitoboe paa kabla ya kuzungumza na mwenye ploti.

Maandishi ya kwenye kasha

Wanunuzi wengi huangalia wati pekee. Wati hueleza stima inayoliwa, si mwanga unaotoka. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na namba hiyo huandikwa kwenye kasha la balbu nzuri. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takribani lumeni 800, sawa na ile ya zamani ya kioo na uzi ya wati 60. Tofauti hujitokeza kwenye tokeni. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila jioni hutumia uniti 9 kwa mwezi. Ile ya wati 9, kwa saa hizohizo, hutumia uniti moja na theluthi hivi. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, kundi la bei ya chini kabisa ni la nyumba zisizozidi uniti 30 kwa mwezi, kwa hivyo uniti 7 au 8 zinazookolewa kwa balbu moja zinaweza kuibakiza familia katika kundi hilo.

Namba nyingine ya kutafuta ni ya volti. Stima ya Kenya ni volti 240, lakini jioni kila mtu anapowasha, nguvu hushuka katika sehemu zenye msongamano. Balbu ya LED iliyoandikwa kwamba inafanya kazi kuanzia volti 85 au 100 hadi 265 huvumilia kushuka huko. Isiyo na nafasi hiyo hupepesa, kisha huungua mapema.

Rangi ya mwanga nayo huandikwa kwa namba za Kelvini. Kati ya 2700 na 3000 mwanga ni wa manjano, mtulivu. Karibu 4000 ni mweupe wa kawaida. Ikifika 6500 ni mweupe unaoelekea samawati, na hiyo ndiyo iliyojaa zaidi madukani Nairobi kwa sababu huonekana kali. Ukali huo ni wa macho tu. Balbu mbili zenye lumeni sawa hutoa mwanga sawa, iwe ya manjano au nyeupe.

Kuna kitako cha pini na kitako cha skrubu, na anayetuma mtoto dukani ampe balbu iliyoungua kama kielelezo. Alama ya ubora ya KEBS ikaguliwe kwa kutuma namba ya kibali iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi hadi 20023. Balbu za bei ya kutupa zinazouzwa bila kasha kando ya barabara huenda zikawaka vizuri wiki ya kwanza. Mnunuzi hana namna ya kujua zaidi ya hapo.

Zile nyeupe zenye mirija iliyojikunja bado zipo katika nyumba nyingi. Ndani yake mna zebaki kidogo, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zimekubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za aina hiyo. Hakuna haja ya kuitupa inayowaka. Ikivunjika, watoto watoke, mlango ufunguliwe kwa dakika chache, na vipande viokotwe kwa kadibodi na karatasi yenye unyevu badala ya ufagio, kisha vifungwe ndani ya mkebe.

Meza ya kusomea

Hapa ndipo fedha kidogo huleta tofauti kubwa zaidi. Kusoma na kuandika huhitaji mwanga wa takribani laksi 300 juu ya karatasi, laksi moja ikiwa ni lumeni moja iliyotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina mita 9 za mraba na kitu. Hata kama kila tone la lumeni 800 lingefika sakafuni, zisingefika laksi 90. Na hazifiki zote, kwa kuwa nyingine huishia kwenye kuta, pazia na kabati.

Mwanga pia hupungua haraka kwa umbali. Taa ikisogezwa mbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Ikisogezwa mara nne, hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hesabu hiyo, balbu ndogo ya wati 4 iliyo nusu mita kutoka kwenye daftari huliangaza karibu mara saba kuliko balbu ya wati 9 iliyo dari ya mita 2 juu yake, ukiacha mwanga unaorudishwa na kuta. Mzazi anayefikiria kuongeza balbu ya katikati hadi wati 15 ili mtoto asome angefaidi zaidi kwa kununua taa ndogo ya mezani na kuiacha ile ya katikati ilivyo.

Mahali pa kuiweka pana umuhimu wake. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia awekewe taa upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari anaouandika. Wa mkono wa kushoto, kinyume chake. Balbu isionekane machoni mwake. Kikombe cha plastiki au kipande cha kadibodi kinaweza kuelekeza mwanga chini, mradi kisiguse balbu. Taa ya katikati nayo isizimwe kabisa, kwa sababu macho yanayotoka kwenye karatasi angavu kwenda kwenye giza na kurudi huchoka haraka. Pale ambapo meza ya kulia ndiyo ya kusomea, na kitanda cha wadogo kiko nyuma ya pazia hatua mbili kutoka hapo, taa inayomulika daftari pekee ina faida nyingine: anayejiandaa kwa mtihani hawanyimi wengine usingizi.

Jiko na kitanda

Penye kupikia mwanga utoke mbele au pembeni, la sivyo mpishi atakuwa anakata sukuma wiki kwenye kivuli chake mwenyewe. Taa isiwekwe moja kwa moja juu ya jiko la mafuta, la gesi au la makaa. Mvuke na moshi huifunika kwa utando wa mafuta, na joto hulainisha plastiki ya waya. Balbu ya jikoni na ipanguswe mara kwa mara, ikiwa imezimwa na kupoa.

Kitandani hahitajiki mtu kuona sana. Taa ya manjano ya wati 3 inatosha kumnyonyesha mtoto au kutafuta dawa usiku. Mwanga mweupe wa samawati saa za usiku huuchelewesha mwili kuingia usingizini, sawa na simu iliyoshikwa karibu na uso. Jambo ambalo halifai kabisa ni kuifunika balbu kwa leso au shati ili ipungue ukali. Balbu ya LED ina joto dogo kuliko ya zamani, lakini sehemu yake ya chini hupata moto, na kitambaa huushika.

Waya kabla ya balbu

Balbu yoyote nzuri hutegemea waya unaoilisha, na katika mitaa hii waya ndio wenye hatari. Nyumba nyingi hupata stima ya sambaza: waya mmoja kutoka kwenye nguzo au mita moja, ukigawiwa vyumba vingi, mpangaji akilipa kiasi kimoja kila mwezi. Waya huo mara nyingi ni mwembamba kuliko mzigo wake, umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni, na umepita juu ya mabati yanayopata jua na mvua. Maungio yaliyolegea hupata moto. Katika mtaa wenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kuingia, cheche ya chumba kimoja huwa shida ya mstari mzima wa nyumba.

Hatari ya pili ni bati lenyewe. Waya unaopitishwa kwenye tundu la bati huguswa na ukingo mkali kila upepo unapotikisa. Plastiki ikikatika, ukuta mzima huingia stima, pamoja na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa hapo. Dalili ya mapema ni kuwashwawashwa vidoleni mtu anapogusa ukuta, hasa baada ya mvua. Anayeisikia asingoje. Stima izimwe kwenye chanzo na majirani waonywe. Mtu aliyenaswa asishikwe kwa mikono kabla stima haijazimwa. Asukumwe kwa mti mkavu iwapo hakuna namna ya kuizima. Kinga yake si ghali: kila waya unaopita kwenye bati upitishwe ndani ya kipande cha paipu ya plastiki.

Ishara nyingine ambayo wengi huipuuza ni balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu baada ya swichi kuzimwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba swichi imekata waya usio na stima na kuuacha ule wenye stima ukifika hadi kwenye kishikizo. Anayebadilisha balbu gizani akidhani amezima yuko hatarini.

Ufundi huu ni wa mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na mafuta, na Kenya Power huhitaji cheti cha fundi wa aina hiyo kabla ya kuunganisha mita. Anapoitwa, aombwe kuweka pia kifaa cha kukata stima papo hapo inapovuja, chenye kiwango cha miliampia 30. Nyaya za kudumu, swichi na kifaa hicho ni gharama za mwenye ploti. Balbu na taa ya mezani ni za mpangaji, naye huhama nazo. Wapangaji wa ploti moja wakienda kwake pamoja husikilizwa kuliko mmoja akienda peke yake. Kuchezea mita au kuunganisha kwenye nguzo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Maombi ya kuunganishiwa kihalali hupokelewa na Kenya Power, ambayo pia hupatikana kwa *977# au simu 97771.

Mlangoni, uani na chooni

Safari ya kwenda chooni usiku ndiyo huwapa wanawake na watoto wengi hofu. Milingoti mirefu ya taa, ile wakazi waliyoipa jina la mulika mwizi, huangaza barabara na viwanja, lakini mwanga wake haushuki hadi kwenye kichochoro cha upana wa mabega mawili. Huko paa moja huingia juu ya nyingine na kutupa kivuli kizito, na jicho lililotoka kwenye mwanga wa mlingoti huona kivuli hicho kuwa cheusi zaidi. Taa ndogo kadhaa zilizo chini, mlangoni mwa kila nyumba ya tatu au ya nne, hufaa kuliko moja kali mwishoni.

Ya mlangoni imulike chini na njiani. Ikimulika usoni, aliye ndani haoni anayebisha, na jirani wa mbele hapati usingizi. Kwa bafu na choo cha pamoja itafutwe taa iliyofungwa isiingie maji, yenye alama ya IP44 au zaidi, na IP65 ikiwa iko nje kwenye mvua. Swichi iwe mahali ambapo mkono wenye maji haufiki. Taa inayojiwasha mtu anapopita hufaa hapa kuliko ndani ya nyumba, kwa sababu hakuna anayesahau kuizima na hakuna ugomvi kuhusu tokeni za nani. Ngazi za gorofa za Kawangware huhitaji taa kila mzunguko, hata kama mwanga ni kidogo. Giza la ngazi tatu tu linatosha kumwangusha mtu aliyebeba mtungi wa maji.

Taa za barabarani ni jukumu la serikali ya kaunti, chini ya Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, sawa na huduma za zimamoto. Iliyozimika iripotiwe katika ofisi ya wadi, pamoja na namba ya nguzo kama ipo au jina la duka, kanisa, msikiti au shule iliyo karibu. Kwa moto, namba za dharura ni 999 na 112.

Stima ikipotea

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa koroboi. Mwanga wake ni lumeni 10 hivi, sehemu moja ya themanini ya balbu ya wati 9, na moshi wake huingia mapafuni mwa mtoto aliyeinama karibu nao ili asome. Mafuta ya taa yenyewe hayana tena urahisi wa bei tangu ada ya shilingi 18 kwa lita ilipowekwa mwaka 2018. Yakichanganywa na petroli, koroboi inaweza kulipuka. Yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto anaweza kuyanywa. Akiyanywa asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Mshumaa nao ukilazimika kutumika, usimame ndani ya sahani yenye maji, mbali na pazia, na uzimwe kabla ya mtu wa mwisho kulala.

Balbu ya LED yenye betri ndani huendelea kuwaka saa chache stima ikikatika, na inatosha kuwa nayo moja, kwenye meza ya kusomea. Taa ya sola hufaa zaidi panapokosekana stima kwa siku kadhaa. Inayokuja na paneli ya pembeni na waya mrefu ni bora kuliko ile ya paneli iliyo mgongoni mwa taa, kwani paneli hubaki juani huku taa na betri vikibaki ndani, mbali na joto la bati na mikono ya wapita njia. Nyuma ya kioo cha dirisha paneli hupoteza sehemu ya nguvu zake, na kivuli cha kamba ya nguo kinaweza kuipunguza sana. Kati ya Juni na Agosti, mawingu yanapofunika Nairobi siku nzima, taa iliyokuwa ikiwaka usiku kucha mwezi wa Februari huenda ikadumu saa mbili au tatu. Miezi hiyo ni bora simu ichajiwe kwingine, na taa iwekwe kwenye kiwango cha chini hadi mtoto afungue daftari.